Je, wajua kwa nini anga hubaki buluu jua likishazama?

Jua likishachwa, macho hukimbilia magharibi kwenye wekundu. Jambo la ajabu zaidi liko juu ya kichwa. Anga la utosini, ambalo kwa hesabu ya kawaida lingefifia kuwa la kijivu au la manjano iliyochujuka, huwa buluu, tena buluu iliyokolea kuliko ya adhuhuri. Hubaki hivyo katika kile kipindi cha utusitusi, kabla giza halijatanda sawasawa. Buluu hiyo inatoka wapi?

Jibu linalotolewa haraka ni lile la mchana. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi, na molekuli za hewa hutawanya buluu kuliko nyekundu. Mwanafizikia Mwingereza John William Strutt, aliyekuja kujulikana kama Lord Rayleigh, alieleza kanuni ya utawanyaji huo mwaka 1871, na maelezo yake yamesimama mpaka leo. Wimbi la mwanga likiwa fupi hutawanywa zaidi, na tofauti si ndogo: mwanga wa buluu wa nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara nne ya mwekundu wa nanomita 650. (Ile hadithi kwamba anga hupata rangi yake baharini tuiache. Bahari ndiyo inayoakisi anga, na jangwani anga ni buluu vilevile.)

Taabu ni kwamba jibu hili, ukilifuata kwa uaminifu mpaka machweo, linakufikisha kwenye rangi nyingine kabisa.

Ufuate mwanga wenyewe. Jua likiwa utosini, mwanga wake hupita angahewa kwa njia fupi kuliko zote. Likiwa kwenye upeo wa macho, mwanga huo hupenya hewa nyingi zaidi, karibu mara 38. Muda wote wa safari hiyo buluu inatawanywa kando na kuachwa njiani, na kinachofika ni rangi ya machungwa na nyekundu. Hapo ndipo unapotoka wekundu wa magharibi, na wengi huishia hapo wakiwa wameridhika. Lakini jua likishazama, hewa iliyo juu kabisa bado inamulikwa, na mwanga unaoimulika ni huohuo uliopita kwa ubavu kwenye hewa ya chini ukapoteza buluu yake. Hewa ya juu ina uwezo wote wa kutawanya buluu, sawa, lakini itaitawanya ipi? Iliyopotea njiani haipo tena. Kwa kutawanya peke yake, utosi wa anga ungekuwa na rangi iliyopauka, ikielekea manjano kadiri jua linavyozidi kushuka.

Kuna wanaojitetea kwamba ni giza tu linaloongezeka: buluu ya mchana ikipungua mwanga, inaonekana nzito. Nao hawajafika. Kupungua kwa mwanga peke yake hakubadilishi uwiano wa rangi zilizomo ndani yake. Mwanga wa manjano ukififishwa unabaki manjano hafifu.

Aliyeikabili hesabu hii mpaka mwisho ni Edward Hulburt, mwanafizikia wa maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1953, alionyesha kwamba mchana maelezo ya Rayleigh yanatosha, na kitu kingine chochote kinachangia kidogo sana. Wakati jua linazama, kutawanyika kunaeleza takriban theluthi moja tu ya buluu ya utosini. Theluthi mbili zinatokana na ozoni. Na katika utusitusi wenyewe, kwa hesabu zake, buluu yote ni ya ozoni.

Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili. Sifa yake maarufu ni kuzuia miale ya urujuanimno, na sifa hiyo haituhusu hapa. Inayotuhusu ni tabia yake nyingine ndogo, isiyosifiwa: hufyonza kidogo mwanga wa machungwa na manjano, hasa karibu na nanomita 600. Kwa hiyo ozoni haiongezi buluu yoyote angani. Inachofanya ni kupunguza zile rangi ambazo zingeifunika.

Kwa nini basi haifanyi kazi hiyo mchana? Chukua kipande cha kioo cha dirisha. Kwa mbele hakina rangi. Unaona upande wa pili kama vile hakipo. Kigeuze ukitazame kwa ukingo, utaona kijani. Hakuna aliyekipaka. Kioo hicho kina chuma kidogo ndani yake, na chuma hicho kinafyonza mwanga kiasi kwamba katika unene wa milimita chache hasara haionekani. Kwa ukingo, mwanga umesafiri urefu wa kipande kizima, na hasara zile ndogondogo zimejumlishana hadi zikawa rangi. Ozoni iko vivyo hivyo. Iliyo nyingi hukaa kati ya kilomita 15 na 35 juu ya ardhi, na ni chache mno: ungeikusanya yote na kuishusha usawa wa bahari, ingefanya tabaka la milimita tatu hivi. Adhuhuri mwanga unaipita kwa mbele. Machweo unaipita kwa ukingo, mamia ya kilomita ndani ya tabaka lilelile, na machungwa yanaliwa njia nzima.

Magharibi kwenyewe hubaki pekundu kwa sababu mwanga wa upande ule umekata hewa nzito ya chini kwa umbali mrefu mno. Buluu iliyosalia ni kidogo kiasi kwamba ozoni haina cha kuokoa.

Mkemia Mfaransa James Chappuis aliuchunguza ufyonzaji huu mwaka 1880, na mikanda yake kwenye spektra, yaani mgawanyo wa mwanga kwa rangi zake, bado inaitwa kwa jina lake. Alipoona ozoni ina rangi ya buluu, alipendekeza kwamba huenda ndiyo inayolipa anga rangi yake. Kwa mchana alikosea. Kwa jioni alikuwa sahihi, miaka zaidi ya 70 kabla ya mtu kupiga hesabu.

Mafungu yale ya theluthi yasichukuliwe kama sheria. Hubadilika kulingana na wingi wa ozoni, vumbi la angani na kina ambacho jua limeshuka. Jicho nalo lina mkono wake: katika mwanga hafifu, chembe za jicho zinazotumika gizani huhisi zaidi mawimbi mafupi, jambo ambalo mwanasayansi Mcheki Jan Purkyně aliligundua mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini kamera haina macho ya namna hiyo, na bado inapiga buluu.

Ushahidi mwingine uko mwezini. Mwezi ukipatwa, sehemu kubwa ya kivuli cha dunia huwa na wekundu, kwa kuwa mwanga unaofika huko umepita hewa ya chini. Ila ukingoni mwa kivuli, kunakofika mwanga uliopita juu zaidi, katika tabaka la ozoni, hutokea utepe mwembamba wa buluu. Kwa macho matupu ni shida kuuona. Kwa darubini ndogo si shida sana.