Mkanda wa taimingi kwenye gari lililotembea sana: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wenye magari ya zamani hapa Mbeya hulikuta swali hili karibu wote kwa namna moja: mita inasoma kilomita 240,000, bei ya gari sokoni imeshuka, na fundi wa Mwanjelwa anashauri mkanda wa taimingi ubadilishwe. Mwenye gari hupiga hesabu, kisha hujibu kwamba gari lenyewe limezeeka, hivyo mkanda huo na uzeeke nalo mpaka siku litakapouzwa. Naanza na dhana hii kwa sababu nyingine nyingi zimezaliwa nayo, na ndiyo inayowapotezea watu injini.

Ukweli ni kwamba umri wa gari hauamui jambo hili. Yanayoamua ni aina ya injini, tarehe ambayo mkanda ulibadilishwa mara ya mwisho, na muda ambao unakusudia kuendelea kulitumia gari. Mkanda huunganisha krenkshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (mhimili unaofungua valvu, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi), ili krenkshafti inapozunguka mara mbili kamshafti izunguke mara moja, na valvu zifunguke na kufunga kwa zamu zake. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 kwa sekunde moja. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama papo hapo huku baadhi ya valvu zikiwa zimebaki wazi, lakini pistoni huendelea kupanda na kushuka, hasa gari likiwa kwenye gia na magurudumu yakiendelea kuisukuma injini. Kinachofuata kinategemea kama mtengenezaji aliacha nafasi kati ya pistoni na valvu.

Hapo ndipo watu hupotoshana kwa nia njema. Niliwahi kuwa na RAV4 ya umbo la kwanza, yenye injini ya 3S-FE, ambayo mkanda wake ulikatika nikiwa natoka Tukuyu, nikiwa nimeshapita Isongole. Hapakuwa na kishindo wala moshi. Injini ilizima tu, na nilipojaribu kuwasha, stata ilizungusha kwa wepesi usio wa kawaida, sauti moja nyororo isiyo na ule mkazo wa kupanda na kushuka, kwa kuwa valvu zilizobaki wazi zilikuwa zinaachia mgandamizo. Gari lilivutwa hadi Uyole, mkanda mpya ukafungwa, likawaka kama vile halikupatwa na jambo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mkanda ukikatika unaweka mwingine na kuendelea na safari, na sasa najua kuwa nilikuwa nikiwapa ushauri mbaya. Katika 3S-FE, na katika 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE zilizomo kwenye Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990, valvu hazigongani na pistoni. Katika injini za dizeli hali ni tofauti kabisa: ili hewa ipate joto la kuwasha mafuta, inabanwa mara 20 na zaidi, kwa hiyo pistoni hupanda hadi karibu kabisa na valvu. Land Cruiser ya 1HZ, Prado ya 1KZ, na Hiace au Hilux ya 3L au 5L zote zimo katika kundi hili, na zote hutumia mkanda. Ukikatika, valvu hupinda, na mara nyingine pistoni nayo hutoboka, hivyo silinda hedi (kichwa cha injini) lazima ifunguliwe. Bei ya mkanda na kazi yake ni sehemu ndogo tu ya gharama hiyo, hata kama gari lenyewe halina thamani kubwa tena.

Dhana nyingine husema kwamba mkanda hutoa ishara kabla ya kukatika, hasa kwa kulia asubuhi za baridi za Juni na Julai. Mkanda unaolia asubuhi kwa kawaida ni ule wa nje, unaozungusha alteneta na feni. Mkanda wa taimingi una meno, hauserereki, na mara nyingi hukatika bila kuaga. Kinachoweza kulia ndani ya kifuniko chake ni beringi ya puli au ya tensheni (kifaa kinachoukaza mkanda), na sauti hiyo haifai kupuuzwa.

Wapo pia wanaofungua kifuniko, wakaangalia mgongo wa mkanda, na kwa kuwa haujapasuka wakaona unafaa kuendelea. Lakini nguvu ya mkanda imo katika nyuzi za kioo zilizofichwa ndani ya mpira, na huko jicho halifiki. Zaidi ya hapo, meno huanza kuachia kwenye mizizi yake, na sehemu hiyo huonekana tu ukiukunja mkanda kwa nyuma. Kuukagua kunaweza kukuthibitishia kuwa ni mbovu, si kukuhakikishia kuwa ni mzima. Oili inayovuja kutoka kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) ya krenkshafti au ya kamshafti hulainisha mpira huo, kwa hiyo mkanda uliolowa oili ubadilishwe hata kama ulifungwa mwaka jana, baada ya sili yenyewe kubadilishwa.

Kuhusu kilomita, tahadhari kubwa inahitajika kwa magari yaliyoagizwa yakiwa yametumika, kwa sababu mita inaweza kuwa imerudishwa nyuma, na kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Huko Japani mafundi wengi hubandika stika kwenye injini au pembeni mwa mlango, yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Mwaka ukiandikwa 18 kwa hesabu ya Heisei, zama za kifalme za Japani, jumlisha 1988, upate 2006. Mkanda wa umri huo hauhitaji mjadala. Kama hakuna stika wala karatasi yoyote, uhesabu kuwa haujawahi kubadilishwa. Taa ya T-BELT iliyo kwenye dashibodi za Toyota nyingi za dizeli nayo haipimi uchakavu. Huhesabu kilomita tu, mara nyingi 100,000, kisha huwaka, na fundi anaweza kuizima bila kugusa mkanda. Nimeona hata gari ambalo balbu ya taa hiyo ilikuwa imechomolewa.

Injini ya mtumba ina mtego wake. Mtu hununua injini nyingine na kuiita mpya, kumbe mkanda uliomo ni ule uliokuja nayo. Ubadilishwe injini ikiwa bado chini, maana wakati huo kazi ni rahisi. Na kabla ya yote haya, hakikisha injini yako ina mkanda: Vitz na IST zenye 1NZ-FE zina cheni, na anayekutoza fedha za mkanda kwenye gari hilo anakuibia.

Je, ipo hali ya kuuacha? Ipo, lakini ni finyu: injini isiyogonganisha valvu, gari linalozunguka mjini tu, na mpango wa kweli wa kuliondoa ndani ya miezi michache. Gari linaloshuka mlima Kitonga halimo, hata likiwa na 5A-FE, kwa sababu injini ikizima kwenye zile kona usukani huwa mzito, na usaidizi wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache.

Ukiamua kubadilisha, badilisha pamoja na tensheni na puli zake, na wota pampu pia ikiwa inazungushwa na mkanda huo huo, kama ilivyo kwenye 3S-FE. Beringi iliyochoka itaumaliza mkanda mpya. Kabla injini haijawashwa, fundi aizungushe kwa spana mizunguko miwili kamili ya krenkshafti na kutazama kama alama zote za kupangia krenkshafti na kamshafti zimerudi mahali pake. Kisha mwombe rangi nyeupe, uandike tarehe na kilomita juu ya kifuniko, ili atakayelinunua gari hilo asilazimike kukisia kama ulivyokisia wewe.