Wimbo Uanzie Jukwaani, Kisha Uingie Studio

Albamu yangu ya kwanza niliirekodi nyimbo zikiwa bado mbichi. Nilizitunga chumbani, nikazizoea kwa wiki chache, nikaingia nazo studio, na ni baada ya albamu kutoka ndipo nilipoanza kuzunguka nazo kwenye matamasha. Kufikia tamasha la tatu, ubeti wa pili wa wimbo mmoja nilikuwa nauimba polepole kuliko nilivyourekodi, kwa sababu niliona wazi usoni mwa wasikilizaji kwamba mstari uliobeba kisa chote ulikuwa unawapita. Jukwaani wimbo ukawa umepata mwendo wake, na kwenye albamu ukabaki na mwendo ule wa haraka hadi leo. Tangu hapo nimeshika utaratibu mmoja: wimbo upigwe mbele ya watu kwa msimu mzima, ndipo urekodiwe.

Msanii aliye chini ya kampuni ya muziki kwa kawaida hutanguliza albamu ili ziara iitangaze. Sisi tunaojitegemea hatufungwi na ratiba ya mtu mwingine, na nadhani uhuru huo tunautumia kidogo mno. Muziki wa asili hasa una sababu ya kuutumia, kwa kuwa nyimbo tulizorithi zilipita midomo ya waimbaji wengi kabla ya kutufikia, na kila mmoja aliacha neno lililokuwa zito kutamka au akafupisha sehemu iliyochosha. Wimbo mpya nao unahitaji kunolewa hivyo, hata kama ni kwa miezi michache tu.

Nyimbo zikishakomaa, swali la kwanza studio ni kama mtapiga pamoja au kwa tabaka. Kwa tabaka, kila ala hurekodiwa peke yake, kwa kawaida mpigaji akisikiliza masikioni metronomi, yaani kifaa kinachogonga mwendo usiobadilika, na kosa la mmoja husahihishwa bila kuwagusa wengine. Mimi napendelea kupiga pamoja katika chumba kimoja, kwa sababu mwendo wa nyimbo zetu hupumua: hupungua kidogo kabla ya kiitikio, huongezeka kisa kinapopamba moto, na metronomi haijui lolote kuhusu kisa. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba sauti huvuja. Maikrofoni ya mwimbaji husikia gitaa, ya gitaa humsikia mwimbaji, na mawimbi yaleyale yanapoingia katika maikrofoni mbili kwa nyakati zinazopishana, hupunguzana, sauti ikawa nyembamba kama inayotoka bombani. Mafundi wana kanuni nyepesi ya kuanzia: umbali kati ya maikrofoni mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maikrofoni na chanzo chake. Ikiwa maikrofoni ya gitaa iko sentimita 30 kutoka kwenye gitaa, ile nyingine isikaribie chini ya sentimita 90.

Maikrofoni ya gitaa usiielekeze kwenye tundu lake. Hapo hewa ya ndani hutetemeka kwa nguvu, katika gitaa nyingi karibu na hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), na rekodi hujaa mvumo mzito unaofunika nyuzi. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili, kisha isogeze kidogokidogo huku mwenzako akisikiliza kwa vipokea sauti, kwani sentimita tano zaweza kubadilisha kila kitu. Kagua na kiti pia. Tuliwahi kupoteza rekodi yetu bora ya asubuhi nzima kwa sababu kiti cha mbao kililia kila nilipoegemea mbele kuanza ubeti, na mlio ule haukuweza kutolewa bila kuuchuna wimbo wenyewe.

Mpangilio wa nyimbo nao ni kazi ya kufikiriwa, hasa kama unakusudia kutoa santuri. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika hubeba vizuri dakika kama 20. Ukizidisha sana, mifereji ambamo sindano hupita hubanana na sauti hulazimika kushushwa. Tena, kadiri sindano inavyokaribia katikati, ndivyo mfereji unavyopita chini yake kwa mwendo mdogo zaidi, na sauti kali za juu huanza kukwaruza. Kwa hiyo mimi huweka wimbo wa taratibu, wenye sauti moja na ala moja, mwishoni mwa kila upande.

Kuhusu hakimiliki nitasema machache. Rekodi ina haki mbili tofauti, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na anayejigharamia kwa kawaida humiliki ya pili hata pale ambapo wimbo ni wa kurithi. Usiandike kwamba wimbo wa asili umeutunga wewe. Andika kuwa ni wa asili, taja kwamba mpangilio wa muziki ni wako, na ukijua ulijifunza kwa nani, mtaje kwa ridhaa yake.

Nirudi kwenye matamasha. Matamasha mengi huchagua wasanii miezi mingi kabla, na waandaaji hutaka kuona video ya onyesho halisi kuliko rekodi iliyosafishwa. Ambatisha mchoro wa jukwaa unaoonyesha nani anasimama wapi na anahitaji maikrofoni ngapi, kwani siku yenyewe mara nyingi hakuna muda wa kupima sauti ipasavyo. Mtapewa dakika chache kati ya kundi na kundi kuhakikisha tu kwamba kila waya unaleta sauti. Hatari kubwa kwa ala ya mbao hapo ni sauti ya spika kurudi ndani ya tumbo lake na kuanza kuunguruma. Mimi hubeba kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa, na kikishindwa humwomba fundi apunguze masafa yale tu yanayounguruma, yaani sauti za kiwango kile cha uzito au wembamba, badala ya kushusha gitaa zima. Nyuzi mpya huzifunga siku moja kabla, zipate kunyooka, maana nyuzi zilizofungwa asubuhi hulegea jioni katikati ya wimbo.

Ukishuka, nenda moja kwa moja kwenye meza yako ya albamu. Anayetaka kununua huja wimbo ukiwa bado masikioni mwake, na huko ndiko utakakosikia mambo ambayo makofi hayasemi. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama mtoto katika wimbo wangu alirudi nyumbani. Beti zilikuwa zimesema alirudi, ila kwa fumbo zito mno, nikauandika upya mstari ule kabla ya kuurekodi.

Msimu huu nina nyimbo tisa zinazosubiri. Mbili bado sijaridhika na beti zake, na hizo nitazipiga mwanzoni mwa zamu yangu, masikio ya watu yakiwa bado hayajachoka.