Keaton Hakumalizwa na Sauti

Nimeletewa tena, safari hii kwenye kazi ya mwanafunzi: eti Buster Keaton, mchekeshaji wa sinema bubu za Marekani, aliporomoka filamu zilipoanza kusema kwa sababu sauti yake ilikuwa mbaya. Nafundisha uhariri wa filamu, sinema bubu ndizo zinazonilisha, na hili nimelichoka.

Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyekulia jukwaani. Tangu utotoni alipanda huko na wazazi wake, Joe na Myra, baba akimrusha huku na huko kama mzigo. Mtu huyo ndiye aogope maikrofoni? Filamu yake Spite Marriage ya 1929 yeye mwenyewe aliitaka iwe na sauti. MGM, studio iliyomwajiri, ndio waliokataa. Filamu zake za kusema zilizofuata ziliingiza pesa, wakati The General ya 1926, tunayoisujudia leo, ilitia hasara. Moja ya hizo za kusema aliicheza upya kwa Kihispania. Huyo huyo "asiye na sauti".

Kilichomwangusha ni mkataba. Mwaka 1928, kwa ushauri wa prodyuza wake Joseph Schenck, ambaye pia alikuwa mwanyumba wake, aliiacha studio yake akaingia MGM. Kwake alizoea kuanza bila skripti: mwanzo na mwisho anavyo, katikati watapajaza wakiwa kazini, na wakikwama wanacheza besiboli hadi wazo lije. MGM kila kichekesho kilipita ofisini kwanza. Kuruka na kuanguka mwenyewe wakamkataza, maana nyota akivunjika mguu kazi yote inalala.

Tazama Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta wa mbele wa nyumba unapomwangukia na kumkuta amesimama penye tundu la dirisha. Kamera iko mbali, mwili wote unaonekana, hakuna mkato wa kukuzuga. Mpokonye mtu huyo nafasi ya kuamua kamera ikae wapi, kisha mjaze maneno ya waandishi wengine, uone kama utahitaji kulilaumu koo lake.

Pombe ilikuwepo, ndiyo. Ndoa ilivunjika 1932, na 1933 MGM wakamtimua. Vitabu hupanga mambo haya kwa mstari mmoja ulionyooka, mkataba kisha chupa. Mimi mstari huo haunishawishi sana.

Mengine yanayosemwa juu yake, kwa haraka. Houdini, yule mwanamazingaombwe, kumpa jina la Buster: Joe alikuwa bingwa wa kutia chumvi, na katika masimulizi yake ya mwanzo aliyetoa jina ni mwigizaji George Pardey. Shingo kuvunjika akiigiza Sherlock Jr. ya 1924: maji ya tangi la reli yanamwangusha relini, hilo lipo kwenye picha, mvunjiko wenyewe tunautegemea zaidi mdomo wake. Naamini, ila kwa imani ya shabiki. Kwamba hakucheka kamwe kwenye filamu: tazama filamu ya Coney Island, 1917. Anacheka meno nje. Huwa mnatazama nini?

Na hakufa fukara aliyesahaulika. Mwaka 1965, kwenye tamasha la filamu la Venice, watazamaji walisimama wakimpigia makofi, na alifariki 1966 kwenye nyumba yake Woodland Hills, akiwa bado anaitwa kazini. Nyumba hiyo aliinunua kwa pesa alizolipwa na Paramount kwa filamu ya 1957 kuhusu maisha yake, ambayo imejaa uongo mtupu.