Kuosha kaboni si kuihuisha: maana ya uchujaji wa kikemikali

Uchujaji wa kikemikali katika tangi la samaki wa mapambo ni kuondoa vitu vilivyoyeyuka majini, ambavyo sponji ya chujio haiwezi kuvinasa, kwa kuyapitisha maji katika nyenzo inayovivuta na kuvishikilia. Nyenzo inayotumika zaidi ni kaboni amilifu. Nyingine ni zeolaiti, madini yanayonasa amonia, yaani sumu itokanayo na taka za samaki. Kinachosumbua ni mazoea ya kuvihudumia vyote vilivyomo ndani ya chujio kwa namna moja: mwisho wa mwezi kila kitu hutolewa, huoshwa bombani na kurudishwa, kisha mwenyewe husema chujio lake ni jipya.

Sponji huoshwa kwa sababu uchafu wake ni chembe zilizokwama. Kaboni ni jambo jingine. Hutengenezwa kwa makaa ya mawe, mbao au vifuu vya nazi, ambavyo hupashwa moto pamoja na mvuke katika nyuzi za Selsiasi 800 hadi 1,000 mpaka vijae vitundu visivyoonekana kwa macho, hata gramu moja ikawa na eneo la ndani linalozidi meta za mraba 500. (Ndiyo maana mkaa wa kupikia, usagwe usagwavyo, haushiki nafasi yake.) Umanjano unaotoka kwenye magogo ya mapambo tangini, harufu na mabaki ya dawa hunata kwenye kuta za vitundu hivyo, na vikishajaa, maji ya bomba huondoa tope la juu tu, kuvifungua upya kunahitaji tanuri ambalo jiko la nyumbani halilifikii. Kwa hiyo kaboni huoshwa inapotoka kwenye pakiti, ili vumbi lake lisiyatie maji weusi, na baada ya hapo hubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya wiki tatu hadi sita, au mapema zaidi umanjano ukianza kurudi.

Zeolaiti huwachanganya hata waangalifu, kwa kuwa hiyo huhuishwa nyumbani. Yenyewe hutoa ayoni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kuchukua za amonia, hivyo ikilowekwa katika maji yenye chumvi nyingi mabadilishano hayo hugeuka, amonia ikaachiwa, nayo zeolaiti ikasuuzwa na kurudishwa kazini. Kwa sababu hiyohiyo haifai katika tangi la maji ya bahari, na anayetia chumvi kutibu samaki huku zeolaiti imo chujioni anaweza kuwarudishia amonia iliyokusanywa. Kaboni haina tabia hiyo: chumvi haiifungui, wala yenyewe haikamati amonia kwa kiasi cha maana.

Kuondoa amonia ni kazi ya bakteria wanaoishi kwenye sponji, ambao huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Makazi yao hayatupwi kwa kufuata tarehe ya kaboni, wala hayaoshwi kwa maji ya bomba yenye klorini. Sponji hukamuliwa taratibu katika ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Anayetupa vyote siku moja ametupa na bakteria, na samaki wakianza kutweta juu ya maji, lawama huiendea kaboni mpya isiyo na kosa.

Wapo watakaosema kwamba kaboni yao ya mwaka mzima bado inafanya kazi, kwani maji ni maangavu. Huenda ni kweli, kwa sababu kaboni iliyojaa hugeuka makazi ya bakteria na si lazima kuiondoa. Ila huo si uchujaji wa kikemikali tena, na siku ya kuondoa mabaki ya dawa baada ya kutibu samaki, wataomba kaboni mpya.