Mwezi unajizungusha, na nyota ni mashahidi

Jana tena. Mtu ameondoa jicho kwenye darubini yangu, akanigeukia na kunieleza kwamba Mwezi haujizungushi kwenye mhimili wake, "ndiyo maana tunaona upande mmoja tu." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, sasa nayajibu kwa maandishi.

Tunaona upande mmoja kwa sababu unajizungusha. Usingejizungusha, kila ulipotuzunguka mara moja tungeuona wote, mbele na nyuma. Hujizungusha mara moja kwa siku 27.3, na hutuzunguka kwa siku hizo hizo 27.3. Aliyesimama Mwezini ataona nyota zikichomoza na kuzama kwa muda huo. Mahali pasipojizungusha, nyota hazichomozi.

Hapo huletewa hoja inayonikera kuliko zote: "Basi huo ni mwendo mmoja tu, kama jiwe lililopigiliwa kwenye ncha ya fimbo inayozungushwa." Hapana! Fimbo haipo. Njia ya Mwezi ni duaradufu, yaani mviringo uliorefuka kidogo, kwa hiyo ukiwa karibu nasi hukimbia, ukiwa mbali hupunguza mwendo. Kujizungusha kwake hakujali hayo, kunakwenda kwa kasi ile ile. Basi miendo hiyo miwili hupishana. Siku kadhaa njia hutangulia na mhimili ukabaki nyuma, kisha mhimili nao hufidia. Sisi tunauona Mwezi kama unatikisa kichwa taratibu, takriban nyuzi 8 kila upande. Ingekuwa fimbo, kichwa kisingetikisika hata kidogo.

Usiniamini mimi. Chukua darubini ndogo ya macho mawili, utafute doa jeusi la mviringo karibu na ukingo, liitwalo Mare Crisium. Lichore Mwezi ukiwa mchanga, ulichore tena ukiwa mpevu, uendelee hivyo miezi kadhaa. Kuna usiku utalikuta limebanana na ukingo, na usiku mwingine utaona nafasi pana kati yao. Kwa mtikisiko huo, na kwa kuwa mhimili wake umeinama, tumeona asilimia 59 ya uso wa Mwezi tukiwa hapa hapa duniani.

Na tuache kusema "upande wa giza". Upande ule hupata jua kama huu wetu. Luna 3, chombo cha anga cha Wasovieti, iliupiga picha Oktoba 1959.

Kilichofanya Mwezi ujizungushe kwa muda ule ule unaotuzunguka ni mvutano wa Dunia, uliovuta mwamba wake ukavimba kidogo, kisha ukaushika uvimbe huo kama breki. Utaridi nao ulidhaniwa umebanwa na Jua vivyo hivyo, hadi rada ya Arecibo, kituo cha kuchunguza anga huko Puerto Rico, ilipopima mwaka 1965. Kumbe hujizungusha mara 3 kila unapozunguka Jua mara 2, na mchana na usiku wake kwa pamoja huchukua siku 176 zetu, yaani miaka yake miwili.

Zuhura ndiyo inayoninyima usingizi. Inajizungusha kinyumenyume kwa siku 243, na vitabu huiandika namba hiyo kana kwamba imekwisha kufungwa. Vipimo vya vyombo viwili vya anga vilivyoizunguka, Magellan na Venus Express, vilitofautiana kwa dakika 6 na nusu. Wengi tunaishuku angahewa yake nzito, inayoisugua ardhi na kuiharakisha au kuichelewesha. Kwa nini inakwenda kinyume, bado wataalamu hawajakubaliana.