Baiskeli za umeme za pamoja ni nini hasa, na mtaa unafaidika nini

Ukitaja baiskeli za umeme za pamoja wengi wanawaza pikipiki za betri, zile kama za Ampersand kule Kigali au bodaboda za umeme zinazokatiza Nairobi siku hizi. Siyo hizo. Hii ni baiskeli ya kukanyaga kabisa ila ina mota ndogo ya kukusaidia, na "za pamoja" maana yake jiji au kampuni inazimwaga mtaani mamia au maelfu, we unafungua moja kwa simu au kadi, unaenda zako robo saa hivi, unaiacha kwenye kituo kilicho karibu na unapoenda, halafu mtu mwingine anaichukua. Kukodi baiskeli kwa fundi wengi tumekufanya tangu utotoni, unalipia saa moja unazunguka nayo halafu unairudisha palepale kabla fundi hajaanza kukutafuta mtaa mzima. Tofauti hapa ni kwamba hurudishi ulikoitoa, na hiyo tofauti ndo inaifanya iwe usafiri wa kwendea kazini na siyo matembezi.

Wazo la baiskeli za watu wote ni la zamani. Amsterdam mwaka 1965 vijana wa kundi la Provo walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha barabarani bila kufuli, yeyote achukue, na polisi wakazibeba kwa sababu sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kufunga. Kilichokuja kuliokoa wazo ni kufuli la kielektroniki, yaani mfumo unajua nani kachukua na karudisha saa ngapi, umeme ukafuata baadaye sana.

Umeme wenyewe unavyofanya kazi: betri inakaa kwenye fremu, mota mara nyingi iko katikati ya gurudumu, ukikanyaga pedeli kuna sensa inahisi na mota inakuongezea nguvu, ukiacha kukanyaga nayo inanyamaza. Ulaya sheria inasema mota isizidi wati 250 na ukifika kilomita 25 kwa saa iache kusaidia, zaidi ya hapo ni miguu yako tu, ndo maana inahesabiwa baiskeli na haidaiwi leseni wala namba ya usajili.

Sasa tuje kwenye milima maana hapa ndo pana utamu wote. Baiskeli za pamoja za kawaida kwenye mji wenye vilima zina ugonjwa mmoja, asubuhi watu wanashuka nazo raha mustarehe, jioni wanapanda basi kurudi juu, hakuna anayetaka kukanyaga mlima baada ya siku nzima ya kazi. Vituo vya bondeni vinajaa mpaka huna pa kuifunga, vya mlimani vitupu, kampuni inalazimika kutuma magari kuzibeba na kuzipandisha, yaani mafuta yanaunguzwa ili watu wapande chombo kisichotumia mafuta. Paris walikutana na hili, Vélib', mfumo wao wa baiskeli za pamoja, ilianza 2007 na ikabidi waanze kuwapa dakika za nyongeza watu wanaokubali kurudisha baiskeli kwenye vituo vya juu, kule pande za Montmartre. Ukiweka mota ugonjwa huo unapungua sana kwa sababu mtu anapanda nayo mwenyewe na shati lake likiwa kavu. Madrid iko juu kama mita 650 kutoka usawa wa bahari, miinuko kibao na joto lake la Julai halina huruma, wao walipoanzisha BiciMAD Juni 2014 hawakuhangaika na baiskeli za kawaida, zote zilikuwa za umeme. Na bado wakaongeza ujanja, ukichukua baiskeli kwenye kituo kilichojaa au ukairudisha kwenye kilichopungukiwa unapunguziwa senti kadhaa, kwa hiyo abiria mwenyewe anafanya sehemu ya kazi ya lile gari la kubebea. Mtu wa Kigali, ambako Guraride ilileta baiskeli za pamoja mwaka 2021, hahitaji kuelezewa habari za vilima.

Faida ya pili ni nani anapanda. Baiskeli ya kawaida inachagua watu, inataka mtu mwenye pumzi na magoti mazima, ila ikiwa na mota unamkuta mama wa miaka sitini na mboga zake kwenye kikapu, unamkuta nesi anayetoka zamu usiku wakati mabasi yameshapungua, unamkuta mtu ambaye toka stesheni ya treni mpaka kwake ni kilomita tatu, mbali kwa miguu na karibu mno kulipia teksi. Na mazoezi bado yapo maana usipokanyaga haiendi.

Mtu atauliza kwa nini asinunue yake tu. Bei kwanza, baiskeli nzuri ya umeme ni ghali na betri ndo inayobeba sehemu kubwa ya gharama, na baada ya miaka inachoka unanunua nyingine. Halafu wizi, halafu kuipandisha ghorofa ya nne, halafu kuichaji. Kuichaji siyo jambo dogo, New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto wa betri za lithiamu, nyingi za vyombo kama hivi, zikiwemo za bei rahisi zinazochajiwa ndani ya nyumba. Kwenye mfumo wa pamoja hiyo kazi haiji sebuleni kwako, ama kituo chenyewe kinachaji au wafanyakazi wanapita kubadilisha betri, na hizo nazo ni ajira za mafundi na madereva.

Ila mimi naona faida kwa jamii inategemea kitu kimoja kuliko hayo yote, vituo vimewekwa wapi. BiciMAD miaka mingi ilikuwa ya katikati ya jiji, kwa hiyo aliyefaidi ni yule ambaye tayari metro iko mlangoni kwake, wilaya zote 21 za Madrid zilifikiwa 2023 baada ya mfumo kuwa chini ya EMT, shirika la mabasi la jiji lenyewe. Kampuni binafsi ikiachiwa ichague yenyewe inaenda kwenye pesa, siilaumu, ni biashara, lakini jiji lisiuite huo usafiri wa umma. Na Copenhagen, mji tambarare ambao karibu kila mtu ana baiskeli yake, mfumo wa Bycyklen na baiskeli zao za umeme zenye skrini ulifungwa 2022, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba zilikuwa zinajibu shida ambayo wenyeji wengi hawakuwa nayo.

Kuna pia zile zisizo na vituo, unaiacha popote unafunga kwa simu, kama Lime kule London. Ni rahisi kweli kwa anayepanda, shida ni kwa asiyepanda, kipofu anaikuta imelala katikati ya njia ya miguu, mwenye kiti cha magurudumu analazimika kushuka barabarani kwenye magari, na baadhi ya halmashauri zimeanza kuchora sehemu maalumu za kuegesha, yaani taratibu wanarudi kwenye vituo vilevile walivyovikimbia.

Na simu, mifumo mingi inataka simujanja na kadi ya benki. Huku kwetu mfumo usiopokea M-Pesa au Airtel Money ungekuwa wa wageni wa hotelini tu, hata uwe na baiskeli nzuri kiasi gani.