Uyoga wa kwenye mikaratusi, na jinsi ninavyoutia kwenye sufu

Pembeni mwa njia zinazopita kwenye mashamba ya mikaratusi, pale udongo ulipochimbuka, huota kitu kinachofanana na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Watu hukiruka. Ni uyoga, Pisolithus kwa jina la kitaalamu, unaoishi kwa kutegemeana na mizizi ya mikaratusi na mipaini. Mimi hutia sufu rangi kwa uyoga, na sijapata mwingine unaotoa rangi nyingi kiasi hicho.

Ukiukata ungali mchanga, ndani utakuta punje za njano zimejipanga kwenye utomvu mweusi unaong'ang'ania kisu. Ukikomaa, sehemu ya juu hupasuka na kuwa unga mtupu wa kahawia. Huo unga ndio msumbufu: haulowi, huelea tu juu ya maji. Tone la sabuni ya maji linatosha kuuzamisha. Na funga kitambaa puani, si vumbi la kuvuta.

Kabla ya rangi kuna shabu, ile ile ya kutuliza maji ya kisima. Bila shabu rangi haishiki sawasawa. Kwa gramu 100 za sufu kavu natumia gramu 12 hivi. Loweka sufu mpaka ilowe kabisa, iweke kwenye maji ya shabu, moto mdogo, saa nzima, yasitokote. Kisha ihamishie kwenye maji ya uyoga uliochemshwa na kuchujwa, saa nyingine. Iache ipoe humo humo. Ukiitoa ya moto ukaitumbukiza kwenye maji baridi, nyuzi hushikamana na huzifungui tena.

Utapata rangi ya dhahabu mpaka kahawia. Ukiongeza maji kidogo ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, itaelekea kwenye weusi. Kidogo tu, maana chuma kikizidi kinaila sufu.

Pamba je? Naulizwa kila mara. Pamba ni mkaidi: kwanza ichemshe na magome ya miwati, ndipo uitie shabu, na hata hivyo rangi hupauka. Anayeanza aanze na sufu.

Sufuria ya kazi hii isirudi jikoni kamwe. Maji yanayobaki usiyamwage, yanatia sufu nyingine rangi hafifu zaidi, na mimi hiyo ya pili huipenda kuliko ya kwanza.